Kitambaa na Kipimo Chake: Maoni juu ya Nguo za Joto za Kijapani Zishonwazo Nyumbani

Huenda msomaji akashangaa kuona katika kurasa hizi, zilizozoea kujadili tenzi na mashairi, makala yenye kuzungumza habari za mkasi, sindano na uzi. Lakini nguo nayo ni utungo. Ina mtungaji wake, ina kanuni zake, na ina wasomaji wake, nao ni wote waitazamao ikipita njiani. Kama utungo wowote, yaweza kupimwa: yakusudia nini, na je, imetimiza ilichokusudia? Katika makala haya nataka kuchunguza nguo za aina moja tu, yaani nguo nyepesi za majira ya joto ambazo watu hujishonea nyumbani kwa vitambaa vya Japani. Swali langu ni moja: mshonaji anapokishika kitambaa hicho, ni nani mwenye amri juu ya umbo la nguo, mkasi au kitambaa? Swali laonekana dogo, lakini tutaona kwamba katika Japani ya karne ya 20 lilichukua uzito mkubwa, hata likagusa vita na heshima ya mtu.

Tuanze na joto lenyewe. Majira ya joto ya Japani si ya ukavu. Huanza kwa mvua za Juni, kisha Julai na Agosti hewa hujaa unyevu, hata mtu wa Tanga au Mombasa akifika Osaka wakati huo hataona mageni. Kwa desturi watu walibadili mavazi tarehe 1 Juni na tarehe 1 Oktoba. Nguo zenye bitana ziliwekwa kando, zikavaliwa zisizo na bitana, na katikati ya joto zikavaliwa nyepesi zaidi zipitishazo upepo na mwanga. Miongoni mwa nguo hizo, iliyo ya watu wote ni yukata. Asili yake ni vazi jepesi lililovaliwa zamani katika bafu la mvuke. Katika zama za Edo, kati ya 1603 na 1868, likawa vazi la pamba la kuvaa baada ya kuoga, kisha la kutokea nje jioni za joto. Mama wa nyumba aliweza kulishona kwa mkono wake, wala hakulazimika kumwendea fundi.

Jora la kitambaa cha yukata Wajapani huliita tan. Lina upana wa sentimita 36 hivi na urefu wa mita 12 hivi, nalo latosha vazi moja la mtu mzima. Mshonaji hukata vipande vinane, vyote kwa mstari ulionyoka: viwili vya mikono, viwili vya kiwiliwili, ambavyo hupita begani kutoka mbele hadi nyuma pasipo mshono wa bega, viwili vyembamba vya kupishana kifuani, na viwili vya ukosi. Vile vyembamba na vile vya ukosi hupatikana kwa kuupasua upana wa kitambaa kwa urefu wake. Hakuna kona inayotupwa. Kitambaa kikizidi, hakikatwi, bali hufichwa ndani ya mshono. Yukata ya mtoto hupigwa mikunjo begani na kiunoni, na mtoto akirefuka mikunjo hufumuliwa, nguo ikarefuka pamoja naye. Vazi likichakaa, mishono hufumuliwa, na vipande vikiunganishwa tena huwa kitambaa kirefu kama kilivyokuwa, tayari kwa kushonwa upya. Kikichakaa mno kwa mavazi, huwa nepi za mtoto, na mwisho huwa tambara la kusugulia sakafu.

Mwanafunzi wa ushairi hatakawia kutambua ndugu yake hapa. Upana wa sentimita 36 kwa mshonaji ni kama mizani nane kwa mtunzi wa utenzi. Haukuchaguliwa naye. Ulitokana na kitanda cha mfumi, na upana ambao mikono ya mtu mmoja aliyeketi yaweza kuupitisha uzi wa mshindio upande huu na kuupokea upande wa pili. Mtunzi asiye hodari huiona mizani kuwa ni pingu, akajaza maneno yasiyo na kazi ili hesabu itimie. Mtunzi hodari huyafanya mawazo yake yatembee kwa mizani hiyo hata msikilizaji asijue kwamba kuna hesabu. Vivyo hivyo, uzuri wa yukata hautokani na kipimo kufichwa wala kuvunjwa, bali watokana na mwili wa mvaaji kukifasiri kipimo hicho. Nguo haina umbo la kifua wala la kiuno. Umbo huja pale mvaaji anapoifunga mshipi, na kila siku hulifanya upya.

Hata nakshi yake hufuata mpango huu. Katika njia ya kutia rangi iitwayo chusen, kitambaa hupakwa kinga kwa kigezo, kikakunjwa tabaka juu ya tabaka, kisha rangi hunyunyizwa juu na kuvutwa ipenye hadi chini. Matokeo yake ni kitambaa kisicho na uso wala mgongo, kwani nakshi huonekana sawasawa pande zote mbili. Mshonaji aweza kukigeuza apendavyo, akaipanga michoro begani na pindoni pasipo kupoteza kitu. Michoro yenyewe ni mawimbi, samaki wekundu, fataki, na maua yafunguayo alfajiri, mara nyingi kwa rangi ya nili juu ya nyeupe. Macho huona maji kabla ya ngozi kuhisi upepo. Mtungaji wa shairi fupi la Kijapani hutakiwa aweke ndani yake neno la majira. Mtia rangi naye huliweka neno hilo juu ya kitambaa.

Niliyoyasema hadi hapa nilijifunza kwa hasara. Nilipata jora moja la yukata, nami nikalitandaza mezani, nikaliwekea kigezo cha karatasi cha gauni la mtindo wa Kizungu, chenye kwapa la duara na kiuno cha kubana. Kipande cha mbele kilitaka upana wa sentimita 56. Ilinibidi niunganishe pana mbili, na mshono ukapita katikati ya ua. Kwapa lilipokatwa, robo ya mchoro ilianguka sakafuni. Nilipomaliza nilikuwa na gauni lililonibana nilipoketi, na mfuko wa vipande visivyofaa hata kwa leso. Kitambaa hakikuwa na kosa, wala kigezo, kwa maana kilitungwa kwa kitambaa kipana. Kosa lilikuwa langu, niliyetaka kumlazimisha mtunzi wa utenzi atoe wimbo kwa mizani asiyoijua.

Nilirudia kazi kwa njia nyingine. Nilikata vipande viwili, kila kimoja cha sentimita 230, nikavipitisha begani, nikaviunga katikati mbele na nyuma, nikaacha nafasi ya kichwa. Kisha nikashona ubavuni na kuacha nafasi ya mikono. Kila pana ikitoa sentimita mbili kwa mishono, mzunguko wa nguo ni sentimita 136, na baada ya pindo urefu wake ni sentimita 110. Mita 12 zatoa magauni mawili ya namna hii, na zabaki karibu sentimita 280 za mishipi na mifuko. Haikuhitaji kigezo wala mkasi wa fundi. Nguo hii haibani popote, na mtu akitembea hewa huingia pindoni ikatokea shingoni.

Hapa yafaa tujihadhari na sifa za harakaharaka. Wako wahakiki walioitukuza kazi ya mikono ya Japani hadi wakasahau mikono yenyewe. Yanagi Soetsu, aliyeanzisha jumba la makumbusho ya sanaa za watu huko Tokyo mwaka 1936, alifundisha kwamba uzuri wa kweli hukaa katika vitu vya kila siku vilivyofanywa na mafundi wasiojulikana majina. Fundisho hilo lina ukweli mwingi, na wengi tulifumbuliwa macho nalo. Lakini kutojulikana kwa fundi si fadhila yake daima. Pengine ni dhuluma aliyotendewa.

Ushahidi tunao katika kitabu cha Suzuki Bokushi, Hokuetsu Seppu, kilichoanza kuchapishwa mwaka 1837. Bokushi alikuwa mfanyabiashara wa Shiozawa katika nchi ya theluji ya Echigo, na miongoni mwa bidhaa zake kilikuwamo kitambaa cha majira ya joto kiitwacho chijimi. Kitambaa hiki hufumwa kwa nyuzi za mmea zifananazo na kitani. Uzi wa mshindio husokotwa kwa nguvu, na kitambaa kikikandwa katika maji ya moto hujikunyata kikawa na vikunjo vidogo vidogo, ndiyo sababu hakigandi mwilini mtu atokapo jasho. Kisha hutandazwa juu ya theluji penye jua, kikang'aa. Kwa hiyo vazi la joto kali lilizaliwa katika baridi kali. Waliolifuma walikuwa wanawake na mabinti, waliofungiwa nyumbani na theluji kwa miezi mingi. Bokushi asimulia habari ya binti mmoja aliyepewa kazi ya kufuma kitambaa cha hali ya juu. Aliifanya kwa moyo wote. Lakini kitambaa kiliporudi kutoka kwa waanikaji alikuta doa la rangi ya masizi, ukubwa wa sarafu. Alilia, na tangu saa ile akarukwa na akili.

Tangu mwaka 2009 ufumaji huu, wa Ojiya na wa Echigo, umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa wanadamu. Ni haki yake. Lakini mshonaji anayetupa sakafuni robo ya kitambaa na amkumbuke binti yule. Nadhani hapa ndipo ilipo maana ya ndani ya kukata kwa mstari ulionyoka. Si ubahili tu, wala si mapambo. Ni namna ya kutoitupa siku ya mtu mwingine. Anayeshona mwisho hupokea kazi ya waliotangulia, waliosokota, waliofuma na waliotia rangi, na mkasi wake una uwezo wa kuibatilisha.

Sasa tuje katika karne ya 20, ambapo mambo hugeuka kuwa magumu. Baada ya tetemeko kubwa la Tokyo la mwaka 1923, vazi jipya lilienea mijini katika miezi ya joto, nalo ni gauni pana la pamba la kujishonea, lililoitwa appappa. Wenye kujua mitindo ya Paris walilicheka. Lakini wanawake wa kawaida walilivaa kwa sababu lilikuwa rahisi kulishona na halikuwa na joto. Hukumu yao ni ya kuheshimiwa, kwa kuwa waliohukumu ndio waliotoa jasho.

Kisha vikaja vita. Mwaka 1940 serikali ilipiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa vitu vya anasa. Mwaka 1942 nguo zikaanza kutolewa kwa tikiti za mgawo, na mwaka huo huo serikali ikatangaza mavazi ya kiwango kwa wanawake, ambayo yalikusudiwa kushonwa kwa kuzigeuza kimono walizokuwa nazo. Msomaji na atazame vizuri: kitambaa ni kile kile, sindano ile ile, na hata shabaha ya kutopoteza kitu ni ile ile. Miaka minne baadaye, mwaka 1946, katika mji uliokuwa majivu, Hanamori Yasuji na Ohashi Shizuko walifungua ofisi huko Ginza, wakachapisha kijitabu cha mitindo kilichofundisha kushona mavazi ya kisasa kutokana na kimono za zamani, kwa kukata mistari iliyonyoka, pasipo vigezo. Kutokana na kazi hiyo lilitokea mwaka 1948 gazeti lao la maisha ya nyumbani, Kurashi no Techo, ambalo lilikataa kuchapisha matangazo ya wafanyabiashara.

Basi kuna tofauti gani kati ya mstari ulionyoka wa 1942 na ule wa 1946? Swali hili haliepukiki, na hasa kwa sababu Hanamori mwenyewe, wakati wa vita, alifanya kazi ya propaganda katika Taisei Yokusankai, chama kilichoundwa mwaka 1940 ili kulikusanya taifa chini ya serikali ya vita. Mkono uliosaidia kuwahimiza watu wajinyime ndio uliowafundisha baadaye kujishonea. Mtu mwenye kutafuta makosa atasema kwamba ni fundisho moja lililobadilishwa kifuniko. Mimi siafiki, ingawa nakiri kwamba mshtaka una uzito.

Tofauti haimo katika namna ya kukata. Imo katika anayeandikiwa. Vazi la 1942 liliandikiwa dola: lilitaka kila mwanamke aonekane kuwa sehemu ya jeshi moja. Vazi la 1946 liliandikiwa mvaaji: lilimwambia kwamba, hata akiwa maskini, na hata kama ana kimono moja iliyosalimika moto, anayo haki ya kupendeza kesho asubuhi, na mikono yake yatosha. Hanamori alisema baada ya vita kwamba laiti watu wangaliyathamini maisha yao ya kila siku, vita visingalikuwa. Usemi huo waweza kuonekana mwepesi. Lakini ukitoka kinywani mwa mtu aliyejua kutoka ndani jinsi watu walivyofundishwa kuyadharau maisha yao, si mwepesi hata kidogo, ni ungamo. Twajifunza hapa kanuni yenye kufaa hata katika fasihi, kwamba umbo halina dhambi wala utakatifu. Mizani ile ile huimba sifa za mtawala na huimba malalamiko ya mnyonge. Mhakiki atazamaye umbo pekee hataona alipopita mtu na alipopita mlinzi wake.

Ziko hoja mbili za kunipinga ambazo sitaki kuzikwepa. Ya kwanza ni kwamba nguo iliyonyoka haifuati mwili, kwa hiyo yafaa nyumbani tu. Jibu langu ni kwamba kuufuata mwili si sharti la nguo bali ni chaguo lake, na katika joto lenye unyevu ni chaguo baya. Nafasi iliyo kati ya kitambaa na ngozi ndiyo sehemu ya nguo ifanyayo kazi kubwa kuliko zote, ingawa haionekani wala hailipiwi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Yasemwa kwamba kuwasifia wanawake kushona ni kuwarudishia mzigo walioutua. Hili ni kweli katika historia. Aliyeketi usiku akishona yukata za nyumba nzima hakuwa akitunga shairi. Alikuwa akifanya kazi isiyo na ujira, na nguo za dukani zilipoenea zilimpunguzia taabu. Kwa hiyo simwambii mtu yeyote kwamba ni wajibu wake kushona. Nasema tu kwamba leo, nguo za dukani zikiwa tele, anayeshona huwa amechagua, na mwenye kuchagua hupaswa kuchagua vema. Isitoshe, sindano haina jinsia. Mimi na mafundi cherehani wote wanaume wa mitaani kwetu tu mashahidi.

Wala mambo haya si ya Wajapani peke yao. Viwanda vya Japani vilipiga chapa kanga nyingi kwa soko la Afrika Mashariki, zenye pindo, mji na jina kwa Kiswahili. Kanga nayo ni kitambaa chenye kipimo chake. Huuzwa doti, huvaliwa bila kukatwa, na umbo lake hufanywa na mvaaji kila asubuhi. Fundi anayeikata kwa kigezo cha gauni, akaliacha nusu ya jina kwapani na nusu chini ya mshono wa kiuno, amefanya kosa lile lile nililolifanya mimi juu ya jora la yukata. Ameshika mkasi kabla ya kusoma. Lakini nimeona pia mafundi walioyapanga maneno yakazunguka pindoni yakasomeka yote, na hao nawahesabu miongoni mwa wahariri wazuri.

Leo vitambaa vya Japani huja vya kila upana. Ziko shashi za tabaka mbili zenye upana wa sentimita 110 hivi, na katika vitambaa hivyo kipimo cha zamani hakimlazimishi tena mshonaji. Hapo amri humrudia mtu mwenyewe, na ndipo adabu yake hujulikana. Na akitandaze kitambaa, akipime, akinyooshe mkononi aone kinavyoanguka, akiangalie mchoro unaanzia wapi na unaishia wapi. Afanye kama tunavyowataka wanafunzi wafanye mbele ya shairi wasilolijua: walisome mara mbili kabla ya kusema neno. Baada ya hapo, akate.